Ngoma Ilikuwa na Daftari

Mwalimu Nyerere alimaliza masomo Edinburgh mwaka 1952, akiwa na shahada ambayo ndani yake alisoma historia na uchumi. Miaka 10 baadaye, tarehe 10 Desemba 1962, alilihutubia Bunge kama Rais wa Jamhuri na kuuliza jambo ambalo halikutoka kwenye vitabu vya uchumi: sisi tunaojua kucheza rumba na twist, ni wangapi wanaojua gombe sugu au mangala? Katika hotuba hiyohiyo alitangaza Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliipokea ngoma kwa milango miwili. Mmoja ulikuwa wa sanaa za maonyesho, idara iliyoanzishwa miaka ya 1960, ambako baadaye walifundisha akina Penina Muhando na Amandina Lihamba. Huko mwanafunzi aliicheza ngoma na akapewa maksi. Mlango wa pili ulikuwa wa historia. Terence Ranger alifundisha Dar es Salaam kuanzia 1963 hadi 1969, na mwaka 1975 akatoa kitabu kizima juu ya beni, ngoma ya magwaride na sare iliyoanza pwani ya Kenya miaka ya 1890, kisha ikasambaa bara pamoja na askari na makarani.

Mimi nilisoma uchumi, na mlango wetu ulikuwa umefungwa. Kitabu cha Ranger nilikikuta kwenye rafu za historia, ghorofa nyingine kabisa. Darasani kwetu ngoma ilitajwa mara moja tu, ndani ya neno "matumizi", pamoja na pombe na harusi. Hivyo ndivyo masikini wanavyopoteza akiba, tuliambiwa, na sote tukaandika.

Lakini isome beni kwa jicho la mhasibu. Marini na Arinoti, vyama viwili vilivyoshindana Tanganyika nzima, vilikuwa na vyeo, viingilio na matawi mijini. Karani aliyehamishiwa mji asiokuwa na ndugu alifikia kwa wanachama wenzake. Akiugua aliuguzwa, akifa alizikwa. Hayo aliyapata kwa mchango wake, wakati ambapo mwajiri wake hakuwa amemwahidi hata sanda.

Bibi yangu mzaa mama alicheza lelemama Tanga. Chama chao kilikuwa na ada ya kila Ijumaa, mshika fedha, na faini kwa aliyechelewa. Mwaka mmoja wa mashindano waliamua sare mpya kwa wote, na yeye akaweka vikuku vyake vya fedha rehani kwa sonara. Hakuwahi kuvikomboa. Nilipomuuliza kama aliona uchungu, alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Tuliwashinda, mjukuu wangu," akasema. Babu alipofariki, chama kilikuja na mchele, kuni na sanda, kikakaa siku zote za matanga.

Sitaki kuipaka asali. Mashindano yalifilisi watu, na kwenye nyumba nyingine mume hakujua dhahabu imekwenda wapi hadi sonara alipokuja kudai. Ninachosema ni kwamba vikuku vile vilinunua kitu, na kitu hicho kina jina katika somo nililolisoma: bima. Hakuna aliyetufundisha kukitafuta huko.

Si kwamba wachumi hawajawahi kuitazama ngoma. William Baumol na William Bowen walitoa mwaka 1966, huko Marekani, utafiti mkubwa juu ya gharama za muziki, maigizo na dansi. Hoja yao ni rahisi: kiwanda hupata mashine na wafanyakazi wachache wakazalisha zaidi, lakini onyesho linalohitaji watu wanne litahitaji wanne daima, kwa hiyo gharama yake hupanda kila mwaka. Ni hoja nzuri. Ila ngoma yao ina jukwaa, tiketi na mtazamaji aliyekaa. Lelemama haikuuza tiketi. Aliyekuja kutazama leo alikuwa mpinzani wa wiki ijayo.

Waliokaribia zaidi walikuwa watu wa sanaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, bidhaa zikiwa adimu madukani, walimu wa idara ile walikwenda Malya, mkoani Mwanza, wakatumia ngoma na maigizo kuwafanya wanakijiji wajadili matatizo yao, zikiwemo mimba za wasichana wa shule. Vijana walicheza, wazee wakajibu.

Mwaka 1986 Serikali ilipotia saini makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, lelemama ilikuwa imekwisha mtaani kwa bibi. Wanawake wale wamezeeka magoti. Chama kilikuwepo bado, sasa kikiitwa cha kufa na kuzikana, na bibi alikuwa akitoa ada kila Ijumaa. Faini ya kuchelewa hawakuifuta.