Ijue geini ya antena kabla ya kuiamini ramani ya mawasiliano ziwani

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

RAMANI ya mawasiliano iliyochorwa na kompyuta inaweza kuonyesha Ziwa Victoria likiwa limefunikwa vizuri na mawimbi ya redio, kumbe nahodha aliyeko upande wa Kome hasikii kitu. Mara nyingi kosa haliko kwenye mtambo, bali kwenye namba mbili alizoandika fundi: geini ya antena na umbo la mnururisho wake.

Kwa wakazi wa kanda hii jambo hilo si dogo. Ajali ya MV Bukoba ya Mei 21, 1996, na ile ya MV Nyerere ya Septemba 20, 2018, karibu na kisiwa cha Ukara, zilichukua mamia ya maisha. Chombo kikipata hitilafu majini, sauti ya redio ndiyo huwahi kuliko boti ya uokoaji.

Geini ni nini?

Wavuvi wa dagaa wanaijua karabai. Ikining'inizwa wazi, mwanga wake hutawanyika pande zote. Ikiwekewa bati nyuma, upande wa mbele hung'aa zaidi na wa nyuma huwa giza, ingawa mafuta ni yale yale. Geini hufanya kazi hivyo hivyo: antena haizalishi nguvu, huikusanya na kuielekeza.

Kipimo chake ni desibeli. Ongezeko la desibeli 3 ni sawa na kuzidisha nguvu mara mbili, na 10 ni mara kumi. Kwa hiyo redio ya wati 25 yenye antena ya desibeli 9 husikika, katika mwelekeo wake mkuu, kama redio ya takriban wati 200.

Hapo ndipo mtego wa kwanza ulipo. Baadhi ya watengenezaji hulinganisha antena na chanzo cha kufikirika kinachosambaza sawasawa pande zote (dBi), wengine na antena ya kawaida ya dipoli (dBd). Tofauti ni desibeli 2.15. Anayekosea kipimo huidanganya kompyuta kwamba nguvu ni zaidi ya mara moja na nusu ya ilivyo.

Umbo la mnururisho

Umbo la mnururisho ni mchoro unaoonyesha nguvu inayokwenda kila upande. Katika Radio Mobile, programu ya bure iliyoandikwa na Roger Coudé wa Canada, umbo hilo huwekwa katika faili lenye namba 720: 360 za mlalo na 360 za wima. Upande wenye nguvu zaidi hupewa sifuri, na pande nyingine huandikwa upungufu wake. Geini huandikwa mahali pengine. Anayeiingiza na humo huihesabu mara mbili.

Chukua antena ya Yagi iliyoelekezwa Nansio kutoka Mwanza. Kome itakuwa karibu ubavuni mwake, ambako mawimbi yanaweza kupungua kwa desibeli 20, yaani kubaki sehemu moja kati ya mia. Fundi akiiandika kama antena ya pande zote, ramani itaipaka Kome rangi ya mawasiliano mazuri yasiyokuwapo.

Geini kubwa si suluhisho kila mahali

Antena ya wima yenye geini kubwa hubana mawimbi yawe kama sahani nyembamba. Kwenye mnara hilo lina faida. Kwenye boti ndogo inayoyumba, sahani hiyo huinama, mara ielekee angani, mara majini, na sauti hukatika. Ndiyo maana boti ndogo hufaa zaidi antena ya desibeli 3 kuliko ya 9.

Aidha, geini haiondoi mviringo wa dunia. Antena iliyo mita 100 juu ya ziwa na nyingine ya mita 4 kwenye chombo huonana kwa takriban kilometa 49. Zaidi ya hapo mawimbi hudhoofika haraka, na dawa ni kuongeza kimo au kituo kingine.

Kwa sababu hiyo, ramani ya kompyuta ni mwanzo tu. Kabla ya kutangaza kwamba eneo lina mawasiliano, chombo kizungushwe ziwani na redio ijaribiwe, kisiwa kwa kisiwa.