Barua ya mapendekezo ya profesa (Ghala, Muscat)

Barua ya mapendekezo ni ushahidi wa maandishi ambao mwalimu wa chuo kikuu huutoa juu ya mwanafunzi wake, ili kamati ya udahili ya shule ya kitaaluma, iwe ya tiba, sheria, famasia au biashara, ijue yale yasiyosomeka kwenye orodha ya alama. Makala hii inaitazama barua hiyo kutoka Ghala, ndani ya wilaya ya Bawshar katika mkoa wa Muscat, na kwa jicho la vijana wa Kiomani wenye asili ya Afrika Mashariki pamoja na wenzao wa Zanzibar, Dar es Salaam na Mombasa wanaogonga milango ile ile.

Mahali na watu

Ghala imelala chini ya vilima vya Bawshar. Ina kijiji cha zamani chenye mitende na chemchemi ya maji moto, ina eneo kubwa la viwanda lenye gereji, karakana na maghala, ina mitaa mipya ya majumba, na ina kiwanja kilichotengwa kwa makanisa ya wahamiaji. Wilaya hiyo hiyo ya Bawshar ina Royal Hospital, iliyofunguliwa 1987, na kampasi ya kilichokuwa Oman Medical College, chuo cha tiba kilichoanza 2001 na mwaka 2018 kikaungana na Caledonian College of Engineering kuwa National University of Science and Technology. Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos kiko magharibi zaidi, Al Khoudh, wilaya ya Seeb. Kilipokea wanafunzi wake wa kwanza 1986, na tiba ilikuwa miongoni mwa vitivo vitano vya mwanzo.

Kabla ya mwaka huo Oman haikuwa na chuo kikuu chake. Waomani walioitikia wito wa Sultan Qaboos baada ya yeye kushika madaraka tarehe 23 Julai 1970, wengi wao wakitoka Zanzibar na pwani ya Afrika Mashariki, walikuja na elimu waliyoipata kwingine, na watoto wao wa kwanza waliotaka udaktari au sheria iliwabidi wasafiri. Wajukuu wao leo wanaweza kumaliza shahada bila kutoka Muscat. Barua ya profesa wanakutana nayo pale wanapotaka kutoka.

Kwa nini inawakuta hawajajiandaa

Nchini Oman nafasi za shahada ya kwanza zinagawiwa na kituo cha pamoja cha udahili kilichoanza kazi 2006, na kinachopimwa hasa ni alama za diploma ya elimu ya jumla. Tanzania mwanafunzi wa kidato cha sita anaingia chuo kwa ufaulu wake, chini ya taratibu za Tume ya Vyuo Vikuu. Kenya kazi hiyo ya kugawa nafasi inafanywa na taasisi ya serikali iitwayo KUCCPS. Huo ni utaratibu wa haki kwa namna yake, kwani mtoto wa fundi gereji na mtoto wa waziri wanapimwa kwa namba moja. Lakini una athari isiyosemwa: kijana anaweza kuwa mwanafunzi wa tiba na asiwe ameandikiwa hata sentensi moja na mwalimu yeyote. Anakaa miaka sita nyuma ya ukumbi, anafaulu vizuri, halafu siku moja fomu inamwambia ataje watu watatu wanaomfahamu.

Idadi inayotakiwa hutofautiana. Mfumo wa UCAS wa Uingereza unataka ushuhuda mmoja, na kwa tiba maombi hufungwa tarehe 15 Oktoba saa kumi na mbili jioni kwa saa za London, yaani saa tatu usiku Muscat. Ufadhili wa Chevening unataka wapendekezaji wawili. Fulbright, na programu nyingi za uzamili za Oxford, watatu. Vyuo vya tiba vya Marekani vinavyotumia mfumo wa AMCAS hupokea hadi barua kumi, ingawa kwa mhitimu wa Muscat mlango huo ni mwembamba, kwa kuwa vingi havichukui mtu asiyesoma masomo ya msingi Marekani au Kanada. Njia yake ya kawaida ni kumaliza udaktari kwanza, kupata cheti cha ECFMG kinachotolewa kwa madaktari waliosomea nje ya Marekani, kisha kuomba mafunzo ya ubingwa kupitia ERAS, ambako kila programu hupelekewa barua zisizozidi nne.

Nani aombwe

Hapa ndipo maombi mengi yanapoharibika. Familia ikisikia neno mapendekezo hukimbilia jina kubwa: mkurugenzi wa wizara, mjomba aliye bingwa wa moyo, mzee aliyesoma pamoja na dekani. Wasta, yaani kujuana na wakubwa, ina kazi zake, na hakuna haja ya kujifanya haipo Muscat wala Unguja. Mbele ya kamati iliyoko Toronto au Manchester, hata hivyo, haina uzito wowote. Wasomaji wa kule hawamjui mkurugenzi, na barua yake ya aya mbili inayosema kijana anatoka familia njema na ana adabu inawaambia jambo moja tu: mwombaji hakupata mwalimu wa kumsemea.

Wasomaji wa Kiislamu wanakijua kipimo bora kuliko jina kubwa. Imepokewa kwamba mtu mmoja alijitokeza mbele ya khalifa Umar bin al-Khattab kumshuhudia mwenzake kuwa ni mwaminifu. Umar akamuuliza kama ni jirani yake anayeona kuingia na kutoka kwake, kama amewahi kuamiliana naye kwa fedha, na kama amewahi kusafiri naye. Majibu yote yalipokuwa hapana, akamwambia kwamba basi hamjui. Kamati za udahili zinauliza hayo hayo: umemfundisha somo gani, kwa muda gani, umemwona akikosea na kurekebisha? Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, kilichoanzishwa 1961 na kinachojulikana sana kwa vijana wa pwani, nacho huomba tazkia, yaani barua ya kumshuhudia mwombaji, na tazkia ya sheikh aliyemfundisha mwombaji inasomeka tofauti kabisa na ya sheikh aliyekutana naye kwenye hauli.

Kwa hiyo mhadhiri kijana aliyesimamia utafiti wako, au daktari aliyekuwa nawe wodini kwa wiki nane, ana manufaa zaidi kuliko profesa mwenye jina aliyekuona kwenye orodha ya mahudhurio. Kwa ERAS, barua za madaktari wa fani unayoiomba ndizo zinazotafutwa kwanza, na barua inayotoka hospitali ya Marekani au Kanada ulikofanya mafunzo ya muda inasomwa kwa urahisi zaidi, kwa kuwa mwandishi anakupima dhidi ya watu wanaofahamika na wasomaji. Kwa masomo ya sheria, aliyesahihisha insha yako ndefu anamshinda aliyekupa alama ya juu kwenye mtihani wa kuchagua majibu.

Historia ya pwani ina mfano wa jinsi jicho la shahidi linavyoweza kuishinda karatasi ya alama. Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa 1933 katika ukoo wenye asili ya Oman, alipata daraja la tatu katika mtihani wa Cambridge, na matokeo hayo yakamfungia mlango wa Makerere. Alikuwa akifanya kazi katika Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa alipotoa hotuba ya Maulidi mbele ya gavana wa Kenya, Sir Philip Mitchell. Gavana alimsikia kwa masikio yake, akavutiwa, na kutoka hapo njia ya ufadhili wa kwenda kusoma Uingereza ikafunguka. Mazrui akasoma Manchester, Columbia na Oxford, na baadaye akawa profesa pale pale Makerere. Gavana alikuwa mkubwa, ni kweli. Lakini wakubwa wengine wengi walikuwepo Kenya wakati ule ambao hawakuwa wamemsikia, na hao wasingekuwa na la kusema.

Kuomba, na muda wa kuomba

Vyuo vya Muscat, hasa vya binafsi, vinategemea sana wahadhiri kutoka India, Sudan, Misri, Uingereza na kwingineko, walioajiriwa kwa mikataba ya miaka michache inayohuishwa. Mwalimu aliyekufundisha mwaka wa tatu huenda yuko Khartoum au Chennai unapofika mwaka wa sita, na anuani yake ya chuo imefungwa. Anayejua hivyo humwendea mwalimu mapema, muhula unapoisha, na kumwomba aandike kumbukumbu zake wakati bado ni mbichi. Pia huomba anuani ya kudumu. Barua inayotoka kwenye barua pepe ya kawaida isiyo ya taasisi hutiliwa shaka na mifumo mingi, basi mwalimu aliyehamia chuo kingine atumie anuani ya chuo kipya na aeleze alikufundisha wapi.

Wiki sita ni muda wa heshima. Nane ni bora. Wikendi ya Oman ni Ijumaa na Jumamosi tangu 2013, na kikumbusho kinachotumwa Alhamisi alasiri kitasomwa Jumapili, siku ambayo ofisi za London na New York zimefungwa. Ramadhani hupunguza saa za kazi. Haya yanaonekana madogo hadi siku ya mwisho ifike.

Namna ya kuuliza nayo ina uzito. Adabu ya pwani humfundisha kijana asimsumbue mwalimu, na wengi huandika ujumbe wa kuzunguka ambao mwalimu hawezi kuukataa wala kuuelewa. Swali linalofaa ni la wazi, na humwachia mwenzako nafasi ya kutoka: “Profesa, unaona unanifahamu vya kutosha kuniandikia barua yenye nguvu?” Akisitasita, mshukuru na umwendee mwingine. Barua ya mtu aliyesitasita ni baridi, na baridi hiyo inavuka bahari.

Akikubali, apewe vitu vya kufanyia kazi: nakala ya matokeo, wasifu, rasimu ya maelezo binafsi, tarehe za mwisho, na ukurasa mmoja unaomkumbusha mliyofanya pamoja. Ukurasa huo ndio wenye thamani kuliko vyote. Usiandike kwamba wewe ni mchapakazi. Andika kwamba mwezi Februari, wodini, wewe ndiye uliyemtafsiria bibi mmoja wa Kizanzibari aliyekuwa akiitika ndiyo kwa kila swali la Kiarabu, na kwamba historia ya ugonjwa wake ilibadilika baada ya hapo. Siri za mgonjwa zisitajwe. Mwalimu anaweza kuithibitisha habari ya namna hiyo kwa kumbukumbu yake mwenyewe, na barua ikapata nyama.

Barua ya kujiandikia

Desturi imeenea, Muscat kama Dar es Salaam: mwalimu mwenye shughuli nyingi anasema, “Andika wewe, lete nisaini.” Si ukarimu. Mwanafunzi anayejiandikia hajui kamati inatafuta nini, anaona haya kujisifu au anajisifu kupita kiasi, na akiandika barua zote tatu zinatoka na sauti moja, jambo ambalo msomaji mzoefu huligundua. Baadhi ya vyuo huhesabu kitendo hicho kuwa udanganyifu. Ukiambiwa hivyo, mpe mwalimu ule ukurasa wa kumbukumbu na umwombe aandike kwa maneno yake hata kama ni mafupi. Mhuri wa ofisi, unaopendwa sana na idara zetu za pande zote mbili za bahari, hauokoi kitu hapa. Mifumo kama ERAS inataka mwandishi au msaidizi wake aipakie barua mwenyewe.

Usiri

Sheria ya Marekani ya 1974 inampa mwanafunzi haki ya kuona kumbukumbu zake za elimu, na ndiyo maana fomu za huko huuliza kama anaiacha haki ya kuisoma barua. Vijana wengi wanaotoka nje ya Marekani hushtushwa na swali hilo. Jibu la kawaida ni kuiacha: kamati huiamini zaidi barua ambayo mwombaji hakuiona, na mwalimu huandika kwa uhuru.

Uhuru huo una kasoro zake. Mwaka 2003 Frances Trix na Carolyn Psenka walichapisha uchambuzi wa barua zaidi ya 300 za mapendekezo ya kazi za ualimu katika chuo kimoja cha tiba cha Marekani. Za wanawake zilikuwa fupi zaidi kwa wastani, zilikuwa na maneno mengi ya kutia shaka, na zilisifu bidii pale za wanaume ziliposifu utafiti. Katika vyuo vya tiba vya Oman, ambako wasichana ni wengi, jambo hili si la pembeni. Mwanafunzi hawezi kuisoma barua yake, lakini anaweza kuhakikisha ukurasa anaompa mwalimu umejaa kazi aliyoifanya: swali la utafiti, matokeo, uamuzi aliousimamia. Neno “mtiifu” aliache kwa wazazi wake.

Msomaji aliye mwaka wa pili au wa tatu bado ana nafasi ya kwenda ofisini kwa mwalimu mmoja muhula huu, akiwa na swali la kweli kuhusu somo. Aliye mwaka wa mwisho na hajulikani na yeyote, aombe kwanza kazi ya miezi michache katika utafiti au wodi, na aahirishe maombi mwaka mmoja. Ni hasara ndogo kuliko kulipa ada za maombi kumi kwa barua zisizosema kitu.