Kuta za Marche: vilima vifupi vya Italia vinavyoamua mbio za baiskeli

Tangu mashindano ya ubingwa wa dunia ya baiskeli yafanyike Kigali mwezi Septemba 2025, kuna swali ambalo wasikilizaji wetu hawachoki kulipigia simu. Inakuwaje mtu aliyefanya mazoezi maisha yake yote aendeshe kilomita 200 na ushei, halafu aachwe kwenye kilima ambacho mama mwenye ndoo ya maji kichwani anakimaliza kwa dakika kumi? Hewani hatupati nafasi ya kulijibu likaeleweka, ndiyo maana tumeliandika hapa.

Tumechagua mahali pamoja pa kulielezea: mkoa wa Marche, mashariki mwa Italia, kando ya Bahari ya Adriatiki. Waitaliano hutamka "Marke". Milima mikubwa ya baiskeli, ile yenye theluji kileleni, iko mbali na hapo, kaskazini. Lakini ni kwenye vilima hivi, umbali mfupi tu kutoka ufukweni, ambako tarehe 17 Mei 2022 kijana wa Eritrea, Biniam Girmay, alifanya jambo ambalo Mwafrika mweusi hakuwa amewahi kulifanya.

Ardhi yenyewe ilivyo

Weka kiganja chako juu ya meza, vidole vimetanuka kidogo. Kiganja ni milima ya Apenini, inayopita katikati ya Italia kama uti wa mgongo. Ncha za vidole ziko baharini. Kila kidole ni mgongo wa kilima, na katikati ya vidole hupita mito: Esino, Musone, Potenza, Chienti na mingine, yote ikiteremka kuelekea Adriatiki karibu sambamba.

Sasa, anayesafiri kutoka mlimani kwenda baharini hapati shida. Anafuata bonde, barabara ni laini. Anayefuata ufukwe kutoka kusini kwenda kaskazini naye hana shida, kwa kuwa kuna ukanda mwembamba wa tambarare unaopita barabara kuu na reli. Taabu inampata yule anayekwenda kaskazini kwa kupitia bara. Huyo lazima avuke vidole kimoja baada ya kingine: apande, ashuke hadi mtoni, apande tena. Hakuna kilima kirefu hata kimoja. Miji ya Recanati na Filottrano, ambayo wapenzi wa baiskeli wanaijua kwa majina, iko mita 300 hivi tu juu ya usawa wa bahari. Ila mita hizo ukizilipa mara sita au saba kwa siku moja, mguu hausahau.

Miji ilijengwa juu ya migongo hiyo zamani, kwa ulinzi, kila mmoja na ukuta wake na mnara wa kanisa. Chini yake kuna mashamba ya ngano, alizeti na mizabibu. Kwa karne nyingi mashamba haya yalilimwa kwa mkataba wa nusu kwa nusu: mwenye ardhi alichukua nusu ya mavuno, na familia ya mkulima ikabaki na nusu nyingine, ikiishi palepale shambani. Sheria ya mwaka 1964 ndiyo iliyopiga marufuku mikataba mipya ya namna hiyo. Wakulima wetu watakuwa na maoni yao kuhusu nusu kwa nusu, na tungependa kuyasikia siku nyingine. Tumelitaja hapa kwa sababu ya barabara. Kila nyumba ya mkulima ilihitaji njia ya kufika mjini, na njia ya mkulima haina muda wa kuzunguka kilima, inakipanda moja kwa moja. Njia kama hizo zilipowekwa lami zikawa uwanja wa mbio. Waitaliano huziita "muri", yaani kuta.

Kwa nini kilima kifupi kinaumiza

Mwinuko wa barabara hupimwa kwa asilimia. Asilimia 10 maana yake ni kwamba ukienda mita 100 mbele, umepanda mita 10 juu. Asilimia 5 mtu mzima mwenye baiskeli nzima anapanda akiwa anaongea. Asilimia 10 mazungumzo yanakatika. Asilimia 15 na kuendelea, mwenye baiskeli ya kawaida anashuka na kusukuma, na kuta za Marche zina vipande vinavyozidi hapo.

Msidhani wataalamu hawashuki. Mwezi Machi 2013, katika mbio za Tirreno-Adriatico, hatua iliyoishia Porto Sant'Elpidio iliwapitisha waendeshaji kwenye ukuta wenye mwinuko wa zaidi ya asilimia 25. Mvua ilikuwa ikinyesha, tairi zikateleza, na baadhi ya watu wanaolipwa mshahara kwa kuendesha baiskeli wakaonekana wakisukuma kwa miguu kama mtu anayepeleka gunia la mahindi sokoni. Baiskeli zenyewe ni nyepesi ajabu. Kanuni za shirikisho la kimataifa zinakataza zisipungue kilo 6.8, na timu nyingi hukaribia kabisa mpaka huo.

Jambo la kuelewa zaidi ni upepo. Kwenye tambarare, kundi kubwa linapokwenda kilomita 45 kwa saa, adui mkubwa ni hewa. Anayejificha nyuma ya wenzake anaokoa nguvu nyingi sana, na ndiyo sababu mtu mzito mwenye mapaja makubwa anaweza kubebwa na kundi siku nzima, kisha akachomoka mita 200 za mwisho na kushinda. Huyo tutamwita mtu wa mbio fupi. Kwenye ukuta kundi linakwenda polepole, hewa haina uzito tena, na kujificha hakusaidii kitu. Hapo kila mmoja anabeba uzito wake mwenyewe. Mwenye kilo 80 anapandisha kilo 80.

Lakini pia mpanda milima hasa, yule mwembamba kama fito, hafaidiki sana hapa. Yeye anahitaji mlima wa nusu saa au zaidi ili uchovu uwapunguze wenzake. Ukuta wa Marche unakwisha kwa dakika chache, na wenye nguvu wanaweza kuuma meno wakavumilia. Anayefaa ni yule wa katikati: mwepesi kiasi cha kuvuka vilima bila kuachwa, mwenye nguvu kiasi cha kukimbia mwishoni. Watu wa aina hiyo si wengi. Biniam ni mmoja wao.

Siku ya Jesi

Giro d'Italia, mbio za kuzunguka Italia zilizoanza mwaka 1909, huchukua wiki tatu. Hatua ya kumi mwaka 2022 ilikuwa ya kilomita 196, kutoka Pescara hadi mji wa Jesi (tamka "Yezi"). Nusu ya kwanza ilifuata ufukwe, tambarare tupu, bahari upande wa kulia. Walipofika Civitanova Marche wakakata kushoto, na vidole vikaanza.

Watu watatu walikuwa wametangulia mbele tangu mapema, jambo la kawaida katika mbio ndefu. Kazi halisi ilikuwa nyuma yao. Timu ya Biniam ilishika usukani wa kundi na kuongeza mwendo kwenye mipando, kwa makusudi, ili wazito wachoke. Hii ndiyo sehemu ambayo mtazamaji mgeni huikosa: haonekani mtu akishambulia, lakini mkia wa kundi unakatika kipande kwa kipande. Baada ya Recanati na Filottrano na mpando wa mwisho wa Monsano, watu wa mbio fupi walikuwa wameshaachwa.

Aliyebaki na kumtisha Biniam alikuwa Mathieu van der Poel, Mholanzi, ambaye siku ya kwanza ya Giro hiyohiyo, kule Hungaria, alimshinda na kumwachia nafasi ya pili. Safari hii Biniam alianza kukimbia mapema, mbali na mstari. Van der Poel akamfuata, akafika karibu ubavuni, lakini hakuweza kumpita. Kabla ya mstari alikaa kwenye kiti na kumwinulia kidole gumba. Kwa maoni yetu ile ishara ilikuwa na uzito kuliko hotuba zote zilizofuata.

Giro, Tour de France na Vuelta ya Hispania ndizo mbio tatu kubwa za wiki tatu. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa Mwafrika mweusi kushinda hatua katika mojawapo. Alikuwa na umri wa miaka 22, mzaliwa wa Asmara, jiji lililo zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Baiskeli ilifika Eritrea na Waitaliano wenyewe, walioitawala nchi hiyo kama koloni kuanzia 1890 hadi 1941. Watawala waliondoka, baiskeli ikabaki, na leo Asmara hupenda mbio hizi kama kwingine wanavyopenda mpira. Mjukuu wa nchi iliyotawaliwa alishinda kwenye barabara za nchi iliyoitawala, na Waitaliano waliokuwa kando ya barabara walimpigia makofi.

Kilichotokea baadaye kinajulikana. Jukwaani alipewa chupa kubwa ya mvinyo wenye povu, akaiweka chini aifungue, kizibo kikafyatuka na kumpiga jicho la kushoto. Alipelekwa hospitali, na asubuhi iliyofuata hakuanza hatua ya 11. Giro yake iliishia hapo. Jicho lilipona. Mwaka 2024 alishinda hatua tatu za Tour de France na kuvaa jezi ya kijani hadi mwisho, na hatua ya kwanza kati ya hizo iliishia Torino, Italia.

Mtu wa Filottrano

Hatua ile haikupitishwa Filottrano kwa bahati. Ni mji wa Michele Scarponi. Alitambuliwa kuwa bingwa wa Giro ya 2011 baada ya mshindi wa awali, Alberto Contador, kunyang'anywa ushindi. Maisha yake ya mchezo hayakuwa safi yote, maana naye aliwahi kufungiwa, lakini nyumbani kwao walimpenda kwa ucheshi wake. Akifanya mazoezi, kasuku mkubwa wa hapo mtaani aitwaye Frankie alikuwa na desturi ya kuruka na kutua begani kwake.

Tarehe 22 Aprili 2017, asubuhi, Scarponi alitoka kufanya mazoezi kwenye barabara alizozijua tangu utoto. Kwenye njia panda hapo Filottrano aligongwa na gari dogo la mizigo, akafa. Alikuwa na miaka 37, mume na baba wa watoto wawili. Siku tano kabla alikuwa ameshinda hatua ya mbio nyingine. Hakufa mashindanoni, ambako barabara hufungwa na polisi hutangulia na pikipiki. Alikufa siku ya kawaida, kwenye barabara ya kawaida, pamoja na magari ya watu wanaowahi kazini. Jamaa zake walianzisha taasisi yenye jina lake, inayofundisha usalama barabarani.

Kwa wanaotaka kufuatilia: Tirreno-Adriatico hufanyika kila Machi, huanzia upande wa magharibi wa Italia na kumalizikia Adriatiki, na mara nyingi hupitia kuta hizi. Giro ni mwezi Mei, njia yake hubadilika kila mwaka. Hatua nyingi za Giro humalizika saa kumi na moja jioni kwa saa za Italia, ambayo kwetu ni saa kumi na mbili. Matokeo tutayasoma kwenye taarifa ya michezo ya usiku.