Lulu ya Ghuba na Pumzi za Wapiga Mbizi

Mtoto wa kike akipewa jina la Lulu huko Unguja au Lamu, hakuna anayeuliza maana yake. Neno lilifika pwani kutoka Arabuni, na Kurani yenyewe imeitaja lulu pamoja na marijani katika Surat Rahman. Ama kito chenyewe, kwa karne nyingi makao yake makuu yalikuwa Ghuba, katika vina vya Bahrain, Kuwait, Qatar na Abu Dhabi. Mwaka 2019 ilitangazwa lulu iliyofukuliwa katika kisiwa cha Marawah, Abu Dhabi, yenye umri wa miaka ipatayo 8,000.

Watu wa kale waliamini kwamba chaza hufunua kombe lake akapokea tone la umande, nalo likageuka lulu. Mrumi Pliny aliiandika dhana hiyo katika karne ya kwanza, na washairi wa Uajemi waliipenda mno. Kinachotokea hasa kinastaajabisha vilevile. Kimelea kikipenya mwilini mwa chaza, au nyama yake ikijeruhiwa, chaza hukizingira kilichomuudhi kwa vibapa vya madini ya aragonaiti vilivyounganishwa kwa protini, tabaka juu ya tabaka. Unene wa kila kibapa ni kama nusu ya elfu moja ya milimita, sawia na urefu wa mawimbi ya mwanga. Mwanga unaorudi kutoka tabaka la juu hukutana na ule unaorudi kutoka la chini, baadhi ya rangi zikapata nguvu na nyingine zikafifia. Ndiyo maana lulu njema ukiizungusha huonyesha waridi, kijani na buluu zinazohamahama, ingawa haina hata chembe ya rangi iliyopakwa.

Kazi ya kuitafuta ilikuwa nzito.

Msimu mkubwa ulichukua takriban miezi minne ya kiangazi. Mpiga mbizi alibana pua kwa kibanio cha pembe au gamba la kasa, akaning'iniza kikapu shingoni, akakanyaga jiwe lililofungwa kamba, akashuka pima 10 na zaidi kwa pumzi moja. Mwenzake chomboni alishika kamba nyingine akisubiri ishara ya kumvuta. Mbizi zilikuwa makumi kwa siku, na mchana wote tumboni hamkuwa na zaidi ya tende na kahawa. Juu ya hayo lilikuwapo deni. Nahodha, jina lilelile walijualo mabaharia wa Kiswahili, alitoa karadha kabla ya safari, na msimu ukiisha wengi walirudi wakidaiwa bado.

Baadhi ya wapiga mbizi walikuwa watumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini majahazi yaliendelea kuwapitisha watu kwa magendo hadi Oman na Ghuba, kwani dunia ilikuwa inataka tende na lulu kuliko wakati wowote. Ofisi za Waingereza huko ziliandika maelezo ya waliokimbia kudai hati za uhuru, na makaratasi hayo yamehifadhiwa London hadi leo. Mengi yanafuata njia moja: mtoto akatekwa, akauzwa, akapelekwa kuzamia, na ujira wake akauchukua bwana. Historia ya lulu isiyowataja watu hawa haijakamilika hata nusu.

Thamani waliyokuwa wakiivua inaonekana New York, ambako mwaka 1917 sonara Pierre Cartier alipata jumba la Fifth Avenue kwa kutoa mkufu wa lulu wa nyuzi mbili na dola 100. Wakati huo Kokichi Mikimoto wa Japani, aliyefanikiwa kukuza nusu lulu mwaka 1893, alikuwa mbioni kufuga lulu za mviringo. Lulu zake, pamoja na mdororo wa uchumi ulioanza 1929, ziliiangusha biashara ya Ghuba. Mwaka 1932 Bahrain ikapata mafuta.

Majahazi yalisimama, ila ngoma iitwayo lewa inachezwa hadi leo Oman, Bahrain na Falme za Kiarabu, watu wakizunguka duara kwa zumari na msondo. Nyimbo zake zina maneno ya Kiswahili, na baadhi ya wanaoyaimba hawajui tena maana yake.