Bunduki ya Giffard: Kwa Nini Gesi Haikuishinda Baruti

Mwishoni mwa karne ya 19 mataifa ya Ulaya yalishindana kuunda silaha. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alivumbua baruti isiyotoa moshi mwingi, na mwaka 1886 jeshi la Ufaransa likapata bunduki ya Lebel iliyoitumia. Miaka michache baadaye Mfaransa mwingine, Paul Giffard, alileta bunduki isiyohitaji baruti kabisa. Risasi ilisukumwa na gesi ya kaboni dioksidi, iliyogandamizwa ikawa kimiminika ndani ya mtungi mdogo chini ya mtutu. Haikutoa moshi wala mlio mkubwa. Mbona basi majeshi hayakuichukua?

Kwa maoni yangu, sababu ya kwanza ni halijoto. Kimiminika hicho hutoa gesi kulingana na joto lake. Katika nyuzi 20 za Selsiasi shinikizo huzidi mara 55 ya hewa ya kawaida. Katika nyuzi 0 hushuka hadi mara 34 hivi. Kwa hiyo askari aliyelenga vizuri wakati wa kiangazi angeona risasi zikianguka chini ya shabaha wakati wa baridi. Isitoshe, kila mlio huupoza mtungi, na anayepiga harakaharaka hupoteza nguvu hata siku ya joto. Joto likizidi nyuzi 31, kimiminika hutoweka na shinikizo huendelea kupanda. Hapo nyundo ya bunduki huenda ikashindwa kuifungua vali sawasawa.

Sababu ya pili ni nguvu yenyewe. Katika bunduki za gesi, springi ya nyundo ikikazwa, vali hufunguka zaidi na risasi huongeza kasi. Lakini gesi huisha upesi na mtungi hupoa zaidi. Mtaka yote hukosa yote. Tena, hata ukikaza vipi, huwezi kulifikia shinikizo la baruti, ambalo ni maelfu ya mara ya hewa ya kawaida.

Hata hivyo, wazo la Giffard halikufa. Katika karne ya 20 gesi hiyo ilitumika katika bunduki za michezo, ambako shabaha iko karibu na mpigaji ana nafasi ya kusubiri mtungi urudishe joto. Vitani hakuna wa kumsubiri. Historia ya bunduki hii inatufundisha kwamba uvumbuzi hupimwa kwa mazingira utakamotumika, si kwa uzuri wake mezani.