Wageni Jukwaani: Kundi la Company na Jazi Huru Jijini London, 1976–1994

Historia ya jazi huru aghalabu huanzia New York, tarehe 21 Desemba 1960, Ornette Coleman alipowakusanya wanamuziki wanane studioni na kurekodi kipande kimoja cha takriban dakika 37. Rekodi hiyo ndiyo iliyoupa mtindo huo jina. Hata hivyo, wanane wale hawakuwa wageni wote: Don Cherry, Charlie Haden, Billy Higgins na Ed Blackwell walikwisha kupiga na Coleman, na vifungu vifupi vilivyotungwa kabla vilitenganisha zamu za wapigaji. Utungaji wa papo kwa papo baina ya watu wasiozoeana ulikuja kupata utaratibu wake mahali pengine.

Mpiga gitaa Derek Bailey alizaliwa Sheffield mwaka 1930, na kwa miaka mingi alijipatia riziki katika kumbi za dansi na studio. Kati ya 1963 na 1966, yeye, Tony Oxley na Gavin Bryars walianza na jazi ya kawaida na kuishia kuacha vibwagizo na mapigo yote waliyokubaliana. Mwaka 1970 alishiriki kuanzisha lebo ya Incus. Hapo ndipo tatizo lilipodhihirika: kundi lililoanza bila kanuni hujizalishia kanuni. Wapigaji wanaokutana kila wiki hujuana mno. Kila mmoja hutabiri mwenzake anakoelekea, na uhuru hugeuka lahaja.

Jibu la Bailey, mwaka 1976, lilikuwa Company, kundi lisilo na wanachama wa kudumu. Kuanzia 1977 likawa na juma lake la maonyesho: wapigaji walialikwa, kisha wakagawanywa wawili wawili, watatu watatu au zaidi, na safu hizo zikabadilishwa tena na tena. Hapakuwa na nota zilizoandikwa. Mwaka 1977 walikuwapo Anthony Braxton na Leo Smith kutoka Marekani, na Han Bennink kutoka Uholanzi. Mwaka 1982, katika ukumbi wa ICA, aliketi pia Ursula Oppens, mpiga piano aliyelelewa katika muziki wa nota, pamoja na Akio Suzuki wa Japani, ambaye hujiundia ala zake mwenyewe. Kwa watu wa namna hiyo hapakuwa na mazoea ya pamoja ya kuegemea. Kila mmoja alilazimika kusikiliza kwanza ili ajue aache nini.

Ugeni huo usitiwe chumvi. Wengi walikwisha kusikiana kwenye rekodi, na kufikia mwisho wa juma walikuwa wamezoeana. Zaidi ya hayo, mlango wa uhuru huo ulikuwa na bawabu: Bailey ndiye aliyechagua nani aitwe, na orodha ya waalikwa ilifanya kazi ambayo kwingineko hufanywa na mtunzi. Bryars, kwa upande wake, aliacha kabisa utungaji wa papo kwa papo, akidai kwamba humfunga muziki na mtu anayeupiga.

Kwa watunga sera, ugumu ni wa kisheria. Mkataba wa Berne unaiachia kila nchi uamuzi wa kutolinda kazi ambayo haijathibitishwa katika umbo la kushikika. Pale sharti hilo linapotumika, muziki wa wageni wanne waliokutana jioni hiyo hulindwa kama kazi pale tu unaporekodiwa. Na hata hapo, hubaki swali la nani kati yao aandikwe mtunzi.