Kinga ya Mlipuko wa Gesi: Mtambo wa Haidrojeni na Chumba cha Laini Saba

Kinga ya mlipuko wa gesi ni jumla ya hatua zinazochukuliwa ili gesi iwakayo isichanganyike na hewa kwa kadiri ya kuwaka, na ikiwa imekwisha kuchanganyika, isipate cheche. Elimu hii ilikulia migodini, ambako taa ya wavu aliyoibuni Humphry Davy mwaka 1815 iliwapa wachimbaji nuru isiyowasha gesi ya makaa ya mawe. Leo yahitajiwa katika mitambo ya kuzalisha haidrojeni, ambayo serikali ya Kenya iliitangazia mkakati wake Septemba 2023, na kadhalika katika vyumba vya mabati vya Laini Saba, Kibera, ambako mtungi wa kilo 6 wenye jiko kichwani, uitwao meko, unazidi kuchukua nafasi ya makaa na mafuta ya taa.

Kila gesi ina mipaka yake ya kuwaka. Propani, ambayo pamoja na butani ndiyo gesi ya mitungi, huwaka ikiwa baina ya asilimia 2.1 na 9.5 ya hewa. Methani itokayo katika kinyesi, baina ya 5 na 15. Na haidrojeni, baina ya 4 na 75, upana unaozidi mno ule wa propani na methani. Tena haidrojeni huridhika na cheche ya milijuli 0.02 tu, chini ya sehemu moja ya kumi ya ile itakiwayo na propani, hata mtu aliyevaa nguo ya nailoni aweza kuiwasha kwa kugusa chuma. Kwa hiyo mhandisi anayetegemea kufukuza cheche peke yake amejenga juu ya mchanga. Hadhari ya kwanza ni kuitenga gesi na hewa, na ya pili ni kuipa njia ya kutoka.

Katika mtambo wa haidrojeni jambo hili ni zito zaidi, maana umeme upasuapo maji hutoa haidrojeni upande mmoja na oksijeni upande wa pili, na kinachozitenga ni utando mwembamba ambao haukosi kupitisha kiasi kidogo. Mtambo ukifanya kazi kwa nguvu zote, kiasi hicho hupotea katika wingi wa oksijeni izalishwayo; walakini umeme upunguapo, mathalan wingu lipitapo juu ya paneli za jua, uzalishaji hushuka ilhali upenyaji hausimami, na sehemu ya haidrojeni ndani ya oksijeni hupanda kuelekea mpaka wa hatari. Ndiyo sababu mitambo itumiayo jua, kama ule wa kutengenezea mbolea ya amonia katika shamba la Morendat, Naivasha, huhitaji uangalizi mkali kuliko iendeshwayo kwa umeme usiotikisika. Kosa hili si la kufikirika: tarehe 23 Mei 2019, huko Gangneung, Korea Kusini, oksijeni iliyopenya kutoka mtambo wa majaribio ilijikusanya ndani ya matangi ya haidrojeni hata yakalipuka, watu 2 wakafa na 6 wakajeruhiwa.

Dawa yake yajulikana. Kipimo huwekwa katika bomba la oksijeni, na haidrojeni ikifika asilimia 2, yaani nusu ya mpaka, mtambo hujizima wenyewe. Oksijeni iliyobaki katika haidrojeni huunguzwa juu ya kichocheo cha paladi kabla ya gesi kuingia tangini. Na mabomba husafishwa kwa naitrojeni kabla ya kuwasha na baada ya kuzima. Kwa kuwa haidrojeni ni nyepesi mara 14 kuliko hewa, tundu la kuitoa huwekwa kileleni mwa paa, wala dari isiyo na upenyo hairuhusiwi. Mwali wake mchana hauonekani kwa macho, hivyo vipimo vya joto huwekwa mahali ambapo jicho lingedanganyika.

Huko Laini Saba kanuni ni ile ile, lakini mwelekeo hugeuka. Propani ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa, na butani mara mbili. Kwa hiyo gesi ivujayo haipandi dirishani, bali hushuka, huenea chini ya kitanda, kisha hupita upenyo wa ukuta wa mabati hadi kwa jirani, ambaye huenda ana jiko linalowaka na hana habari. Dirisha la juu ni jema kwa moshi, lakini upenyo ulio usawa wa sakafu ndio unaookoa. Mtu aunganishapo mtungi mpya na atazame pete ya mpira iliyo mdomoni mwa vali, kisha apake povu la sabuni kwenye maungio na mpirani: povu likituna lengelenge moja tu, mtungi urudishwe dukani. Kutafuta uvujaji kwa kiberiti ni kuuita mlipuko. Harufu kali ya gesi si yake ya asili, bali hutiwa makusudi ili pua ionywe mapema.

Gesi ya kinyesi, kama ile inayotoka katika vyoo vya pamoja vya Katwekera TOSHA, hapo hapo Kibera, vilivyojengwa kwa msaada wa shirika la Umande Trust, ina methani, nayo ni nyepesi kuliko hewa. Basi tundu lake na liwe juu.

Hata hivyo si haki kumtwika mpangaji mzigo wote. Mtungi haupaswi kujazwa kimiminika zaidi ya takriban asilimia 85 ya ujazo wake, kwa sababu kikipata joto hutanuka, nao uliojazwa kwa siri, kwa mpira kutoka mtungi mkubwa pasipo mizani, hauna nafasi hiyo. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, gari lililobeba gesi lililipuka mtaa wa Mradi, Embakasi, katika uwanja ulioko katikati ya makazi. Watu kadhaa walikufa na zaidi ya 270 wakajeruhiwa, ilhali Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli ilikuwa imekwisha kuyakataa mara 3, mwaka 2023, maombi ya kujenga kituo cha gesi mahali hapo, hasa kwa upungufu wa masafa ya usalama. Masafa hayo mpangaji wa chumba kilichobanana na vyumba vingine hawezi kuyanunua kwa bei yoyote. Ni wajibu wa anayejaza, anayeuza na anayekagua kuuzuia mtungi mbovu kabla haujafika mlangoni pake.

Harufu ikisikika ndani, swichi ya taa isiguswe, si kwa kuwasha wala kwa kuzima. Vali ifungwe, mlango ufunguliwe, moto wa majirani uzimwe, na mtungi utolewe nje hadi mahali pa wazi, mbali na mtaro, kwa sababu gesi nzito hufuata mtaro kama maji.